Kiti cha Dirisha la Tatu

Kiti chenyewe nilikitengeneza mimi, kwa hiyo nikikizungumzia nakizungumzia kama mwenye mali. Mbao ngumu, mikono miwili, mgongo umelala kidogo nyuma, miguu imeshikwa kwa gundi bila msumari hata mmoja. Watu walikuja kukiogopa kuliko walivyomwogopa mkurugenzi. Mke wangu akitoka nyuma ya dirisha lake, akakivuta, akasema "karibu ukae", basi mtu alijua cheti chake hakina maisha. Wengine waligoma kukaa. Kuna bwana mmoja aliyeona kiti kinavutwa tu, akageuka akaondoka zake, mwavuli wake ukabaki pale hadi leo.

Wakambandika jina la Mama Kiti. Hakulipenda, lakini alilizoea, kama alivyozoea mengi kwenye kazi ile. Wanetu wanadhani mama yao amekuwa mkimya kwa sababu ya umri. Umri gani jamani, mtu bado anapanda ngazi bila kushika ukuta. Ngoja niwaeleze mimi.

Ofisi yao ilipoanza haikuwa ofisi. Ilikuwa meza moja kwenye korido ya wizara, karibu na choo, na kila aliyekwenda haja aliipiga kumbo kwa nyonga. Meza ile naijua kwa sababu niliitwa kuitengeneza, mguu wake mmoja ulizidi. Nikafika na msumeno wangu, nikamkuta binti mpiga chapa ameshaweka vitabu chini ya ile mitatu iliyopungua na anaendelea na kazi. Nikamwambia, dada, umenikosesha kibarua. Akacheka, akanyamaza, akacheka tena. Nikatafuta sababu ya kurudi wiki iliyofuata, na sababu fundi hakosi.

Kazi ya meza ile ilikuwa kuvichunguza vyuo vikuu. Zamani vilikuwa vichache, vyote vya serikali, na hakuna aliyeuliza nani kavipa ruhusa. Kisha serikali ikawafungulia mlango watu binafsi, na loo, vikachipuka kama uyoga. Chuo juu ya duka la magodoro. Chuo nyuma ya kituo cha mafuta. Kimoja kiliandika ukutani "Kitivo cha Sheria", na chini ya maandishi kuna mshale unaokupeleka kwa kinyozi. Watu wakaanza kulalamika kwamba watoto wao wanarudi nyumbani na majoho lakini hawajui kitu. Wizara ikamtafuta Profesa mmoja aliyestaafu, ikampa ile meza, mpiga chapa na tarishi, ikamwambia haya mzee, tutenganishie vyuo na viini macho.

Profesa alikuwa mfupi, hasira zake karibu, na kwa hilo tulielewana. Siku moja alikwenda kukagua chuo kinachofundisha udaktari, akaonyeshwa mifupa ya kufundishia, ya mtu mzima, imesimamishwa kwenye nguzo, taya limefungwa kwa waya mwekundu. Siku chache baadaye akaenda kukagua chuo kingine, mji mwingine kabisa. Akafunguliwa maabara. Akakutana na taya lile lile na waya ule ule mwekundu. Profesa hakugomba. Aliushika mkono wa ile mifupa akaisalimia, akaiuliza habari za safari. Mke wangu alinisimulia huku machozi ya kicheko yanamtoka. Siku hizo alikuwa mtu wa kucheka sana.

Kilichokosekana kwenye meza ile ni sheria. Profesa alikuwa anatoa vibali vya muda kwa kauli yake mwenyewe. Kibali kikiisha, mwenye chuo anakuja na sura ya kuonewa huruma, anaahidi kwamba maabara inajengwa, vitabu viko njiani. Profesa anakunja uso, anaguna, anasema mwongezee. Mke wangu anapiga chapa, muhuri unapigwa, mtu anaondoka. Hapakuwa na bodi wala kikao cha kupitisha. Ofisi ilikuwa changa na hakuna aliyeona ubaya, nami nisingeuona. Lakini jambo hilo ndilo lililokuja kutumaliza.

Baadaye sheria ikatungwa, meza ikawa Baraza. Wakapangishiwa ghorofa zima, wakawekewa madirisha kama ya benki, na kazi ikaongezeka. Sasa hawakukagua vyuo tu, walihakiki na vyeti vya watu. Ukiomba kazi au kupandishwa cheo, mwajiri anakutuma kwa Baraza likathibitishe kwamba chuo ulichosoma kinatambuliwa. Dirisha la kwanza unauliza, la pili unakabidhi vyeti, la tatu unapewa jibu. Mke wangu wakamweka la tatu. Nilidhani wamemheshimu. Baadaye nikaelewa kwamba wenzake wote walikuwa wamelikwepa.

Watu walipokea majibu wamesimama. Mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye mvi zake, aliambiwa kwamba shahada yake haitambuliki, akaanguka palepale na kichwa kikagonga ukingo wa dirisha. Mke wangu alirudi nyumbani na damu ya yule baba kwenye mkono wa blauzi. Hakula. Aliiloweka blauzi, akaja akasimama mlangoni pa karakana yangu.

"Fundi," akasema. Ananiita hivyo tangu siku ya ile meza. "Nitengenezee kiti ambacho mtu akikikalia hawezi kuanguka."

Ndiyo maana kina mikono miwili. Bwana vifaa wa ofisi alikikataa, eti hakikupitia kwenye manunuzi. Mke wangu akamwambia kwamba hicho ni chake binafsi, kama mkoba wake, na kama mikoba inapitia manunuzi aonyeshwe hati ya mkoba wa mkurugenzi. Kiti kikabaki.

Akajitungia utaratibu wake. Kiti kwanza. Kisha glasi ya maji. Kisha jibu, kwa sentensi moja, bila kuzungukazunguka na bila pole nyingi, kwa sababu anayeleta habari mbaya, alisema, hana haki ya kumning'iniza mwenzake. Mwisho, umwambie mtu kuhusu rufaa, hata kama unajua haitamsaidia, ili atoke pale na kitu cha kufanya kesho yake. Kila mfanyakazi mpya wa madirishani alifundishwa hivyo na yeye. Wengine walimcheka, kisha wakaiga.

Sasa, kukaa dirisha la tatu kama afisa, si kama karani wa kushikizwa, ilitakiwa shahada. Akaamua kusoma jioni. Kulikuwa na chuo mtaa wa pili kutoka karakana yangu, na pale mlangoni, ndani ya fremu, walikuwa wametundika kibali chao chenye saini ya Profesa. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akaniambia, kama sisi wenyewe ndio tuliowapa kibali, nani atakuja kunipinga? Nikaona hoja imekamilika. Mtu anayefanya kazi kwenye mzani anajua anunue wapi.

Akasoma kwa miaka. Akitoka kazini anapitia karakana, anakunywa chai amesimama, anakwenda darasani, nami nafunga kazi nakwenda kumsubiri getini. Watoto walikula mapishi yangu. Walikonda kidogo, lakini wapo. Somo la kompyuta lilifundishwa bila kompyuta. Mwalimu alichora kibodi ubaoni kwa chaki, akawaambia waweke vidole juu ya dawati wafuatishe. Mke wangu, mpiga chapa wa miaka yote hiyo, alinisimulia akibana mbavu kwa kicheko. Tulicheka wote wawili. Hatukujua tunachekea nini.

Siku ya mahafali alivaa joho la kukodi lililomzidi urefu, akalishika kwa mkono mmoja kama mtu anayevuka dimbwi. Picha ile niliitundika karakana, juu ya meza ya kazi, na kila asubuhi kabla ya kugusa randa nilikuwa nafuta vumbi la mbao kwenye kioo chake. Mimi niliishia darasa la saba. Mteja akija kuuliza bei ya kitanda, lazima kwanza asikie habari za shahada ya mke wangu, apende asipende. Nilijivuna kuliko yeye, na sioni haya kusema.

Akawa afisa. Profesa akafariki, Mungu amrehemu. Baraza nalo likakua likawa Tume, likahamia jengo la vioo, likaletewa mkurugenzi mpya ambaye kwa umri angekuwa mdogo wangu wa mwisho. Vikaja viti vya kuzunguka kutoka nje ya nchi, vinavyokatika mguu kabla hujavizoea. Makarani wakaondolewa, kazi yao ikapewa mashine. Kitu kimoja tu cha zamani kilihamia kule, nacho ni kiti changu.

Nilitaka sana kumchukia yule mkurugenzi, na nilijitahidi, lakini kijana alikuwa anafanya kazi. Aliunda bodi. Akaweka viwango, chuo kiwe na walimu wangapi, maktaba ya aina gani, maabara ya kweli. Akaviambia vyuo vyote viombe ithibati upya. Akafukua majalada ya zamani hadi yale ya meza ya korido, na humo akakuta kwamba vibali vyote vilivyoongezwa kwa kauli ya Profesa havikuwa na nguvu ya kisheria. Chuo cha mtaa wa pili kibali chake halali kilikuwa kimeisha kabla mke wangu hajaingia darasa la kwanza. Bodi ikakaa, ikaamua. Shahada zote zilizotoka pale tangu siku ile hazitambuliki. Na katika kikao hicho hicho ikaamuliwa kwamba baada ya wananchi, wafanyakazi wa Tume nao wahakikiwe.

Alikuja kuniambia nikiwa napiga randa. Alieleza vizuri, kwa sauti yake ya dirishani. Shahada ikianguka, uafisa umeanguka. Ukarani alikotoka haupo tena, kwa hiyo hana pa kurudi, ni nyumbani moja kwa moja, na miaka yake ya uafisa ni kama hakuifanya. Kulikuwa na tumaini moja dogo. Mkurugenzi aliwahi kutamka kikaoni kwamba huenda waliosoma wakiwa watumishi wa Tume wakafikiriwa peke yao. Huenda. Neno hilo tulilala nalo na kuamka nalo.

Mimi hasira zilinipanda. Nikasema nakwenda huko kwenye vioo vyao na nyundo.

"Chuo kile hakikuwa na maabara, Fundi," akasema. "Hakikuwa na maktaba. Uamuzi ni wa haki."

"Haki gani? Si wao waliowapigia muhuri?"

"Ndiyo," akasema. "Na mimi ndiye niliyeupiga."

Kisha akaenda kuanua nguo. Nikaishika randa, nikaendelea kuupiga ubao ule ule.

Wananchi ndio waliotangulia, na wananchi wa chuo kile walikuwa akina nani kama si aliosoma nao? Walikuja dirisha la tatu mmoja mmoja. Aliyekuwa akimwazima kalamu. Aliyekuwa akisinzia nyuma. Mke wangu akatoka, akavuta kiti, akaleta maji, akasema ile sentensi, akataja rufaa. Siku baada ya siku. Akaja muuguzi mmoja waliyekaa naye dawati moja miaka yote, wakisoma nakala moja kwa zamu. Yule muuguzi alikaa, akanywa maji yote, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akainua macho.

"Na wewe, dada?"

"Zamu yangu haijafika," mke wangu akamjibu, akarudi nyuma ya dirisha.

Hilo alinieleza huku anachambua mchele, bila kuinua kichwa. Nilimuuliza kama alilia. Akanitazama kama nimemuuliza kwa lugha asiyoijua. Tangu hapo akawa ametulia kama maji ya mtungi. Anaamka, anaoga, anakwenda, anarudi. Anapika mboga bila chumvi, anakula, haoni. Nikimwekea mkono begani ni kama nimeuweka juu ya ubao. Nilimwambia ninaogopa. Akasema, usiogope, hakuna kinachouma. Na hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza. Nilipiga randa ubao wa kabati la mtu mpaka ukawa mwembamba kama kadi, na nilipouona umeharibika sikusikia kitu. Nikachukua mwingine.

Asubuhi moja, akifunga vifungo vya blauzi, akasema mguu wa nyuma wa kile kiti unacheza, nipite nikauangalie. Nikamuuliza mguu gani, ingawa nilishajua. Ule wa upande wa mlango. Kila anayepewa habari akiwa amekaa pale huegemea upande wa mlango, sijui kwa nini, hata wasiokusudia kuondoka. Kiti kinachoka upande mmoja. Nilipokitengeneza sikulifikiria hilo.

Nikaenda. Mlinzi ananijua, ananiita mzee wa kiti. Nikakipindua pale karibu na dirisha la tatu, nikakwangua gundi ya zamani, nikapaka mpya, nikaurudisha mguu kwenye tundu lake. Kugeuka kutafuta jiriwa ya kuubana, nimeisahau karakana. Kosa la mwanafunzi. Nikakisimamisha kiti, nikapiga magoti, nikaubana mguu kwa mikono.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka binti wa dirisha la nne, lililoongezwa kwenye jengo jipya. Mke wangu ndiye aliyemfundisha kazi, na nyumbani kwetu amekuja mara nyingi, ananiita baba. Hakunisalimia. Mkono mmoja alishika karatasi, mwingine glasi ya maji. Hakuna aliyekuwa amekaa wala aliyeitwa. Nikaiangalia ile glasi, nikaelewa.

Akaja hadi kwenye kiti, akanyoosha mkono wenye karatasi akivute, kama alivyofundishwa.

"Mwanangu," nikamwambia, "gundi bado mbichi."

Akasimama hajui afanye nini. Viti vingine vyote vilikuwa nyuma ya vioo, vile vya kuzunguka. Watu kwenye foleni walikuwa wanatuangalia. Mke wangu akatoka nyuma ya dirisha lake, akamwona binti, akaiona glasi, akaniona mimi pale chini.

"Kinakalika?" akaniuliza.

"Nikikishika."

"Basi kishike."

Akakaa, akaipokea glasi. Kutoka pale nilipokuwa sikuuona uso wake. Niliona viatu vyake, vile vyeusi nilivyovipaka rangi jana yake, vimewekwa pamoja sawasawa. Nilimsikia binti akivuta pumzi.

"Mama, shahada yako haitambuliki."

Alisema vizuri, kwa sentensi moja. Viatu havikusogea. Lakini mguu wa kiti ulinisukuma viganja, taratibu, kwa uzito wote wa mtu. Mke wangu alikuwa ameegemea upande wa mlango. Nikabana. Nilitaka kulia, nikajitafuta, sikupata machozi. Nilichokuwa nacho ni ule mguu tu, nikaubana kwa nguvu zangu zote.

"Na rufaa?" nikamsikia akiuliza. "Umesahau rufaa."

Binti akaanza kulia. Mke wangu akamsubiri. Binti akajifuta kwa kiganja, akaeleza habari za rufaa, ndani ya muda gani, kwa nani, anakatikakatika, hadi mwisho.

"Sasa umekamilisha," mke wangu akasema. "Usiiache tena, hata kama mtu unamjua."

Akanywa maji, akamrudishia glasi. Uzito ukatoka kwenye viganja vyangu. Viatu vikazunguka dirisha vikaingia ndani, nikasikia droo inafunguliwa na mkoba unafungwa zipu. Alirudi akapita nyuma yangu, akanigusa bega, akasema ananisubiri nje kwenye ngazi. Mwanamume wa kwanza kwenye foleni, bahasha mkononi, akauliza kama dirisha la tatu bado linahudumia. Binti akaingia akakaa mahali pa mke wangu.

Sikunyanyuka. Gundi ile ukiiachia kabla haijashika, mguu unatoka tena, na yule bwana mwenye bahasha alikuwa anakiangalia kile kiti.